Nanga ya Bara na Mtembezi wa Likizo

Mwenye kuisoma fasihi ya Kiswahili kwa makini hakosi kugundua jambo la kustaajabisha. Lugha hii, ambayo imeupa ulimwengu neno safari, ina maandishi mengi ya wasafiri na machache mno ya watembezi. Wawili hao si mtu mmoja. Msafiri ana mzigo, ana shughuli, ana mahali anapongojewa na siku anayotakiwa kufika. Mtembezi haja yake imo njiani, na akifika ndipo haja inapokwisha. Wahenga walimjua mtembezi, lakini hawakumsifu: walisema kwamba hula miguu yake. Maana yake ni kuwa atembeaye bila shughuli hana faida anayorudi nayo nyumbani isipokuwa uchovu. Methali hiyo ni hukumu, na fasihi ya Kiswahili imeifuata hukumu hiyo kwa muda mrefu bila ya kuikatia rufaa.

Ushahidi uko wazi. Katika mkusanyo wa Carl Velten uliochapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, kila msimulizi ana sababu ya kuondoka kwao. Yuko aliyekwenda bara kufanya biashara, na yuko aliyefuata amri ya mkubwa wake. Selim bin Abakari, mtu wa asili ya Ngazija, alikwenda mbali kuliko wenziwe: mwaka 1896 alitoka Berlin, akafuatana na bwana wake, Theodor Bumiller, mpaka Urusi na Siberia. Bwana alikuwa safarini kwa hiari yake na kwa mapenzi yake. Selim alikuwa kazini. Kadhalika Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliposimulia maisha yake aliipima nchi kwa siku za mwendo, kwa pembe na kwa idadi ya watu. Shaaban Robert naye, alipoandika habari za maisha yake, alisafiri kama mtumishi wa serikali asafirivyo, yaani kwa barua ya uhamisho. Hata Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alipoandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, njia aliyompitisha msomaji ilikuwa njia ya fikra, si ya matope na mawe.

Upungufu huu una historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilitembea kwa miguu kutoka Unguja. Mwezi wa Novemba mwaka 1861, msafara wa John Hanning Speke na James Grant uliingia Karagwe, nchi ya Mkama Rumanika, magharibi ya mahali ulipo mji wa Bukoba leo. Kabla yao wafanyabiashara wa Pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo na kuweka kituo chao Kafuro. Akiwa Karagwe, Speke aliona kwa mbali vilele vya Mfumbiro, ambavyo siku hizi huitwa Virunga, akaandika alichokiona katika kitabu kilichotoka mwaka 1863. Pamoja naye walikuwapo watu waliotoka Unguja, mmoja wao Sidi Mubarak Bombay, aliyejulikana kote Ulaya kwa sababu ya vitabu vya Wazungu. Watu hao waliipanda milima ya Karagwe, na wengi wao waliipanda na mzigo kichwani. Wao hawakuacha ukurasa hata mmoja wa kuieleza. Macho yaliyoitazama milima yalikuwa mengi, lakini kalamu ilikuwa moja, na haikuwa ya Kiswahili.

Basi kuanzia hapo yakagawanyika mambo mawili yaliyostahili kukaa pamoja. Kuutazama mlima kukawa kazi ya mgeni, na kuupanda kukawa kazi ya mwenyeji na mpagazi. Mtindo wa kupanda ili kutazama ulikuwa na mizizi ya kale huko Ulaya. Mshairi wa Kitaliana, Petrarca, aliandika barua iliyobeba tarehe ya Aprili 1336, akaeleza namna alivyoukwea mlima wa Ventoux, nchini Ufaransa, kwa ajili ya kuona tu. Alipofika kileleni akafungua kitabu cha Mtakatifu Augustino, akajiona mwenye haya kwa kuistaajabia milima na kuisahau nafsi yake. Aghalabu wanaoisimulia habari hiyo hukumbuka kupanda kwake na kusahau haya yake.

Leo mtembezi wa likizo hayuko Ulaya pekee. Yuko mwalimu anayefunga shule Disemba, yuko karani anayetoka Dar es Salaam, yuko kijana wa Unguja aliyealikwa harusi Bukoba akaamua kubaki siku saba zaidi. Hushuka stendi au bandarini, hulala Kashai, na asubuhi huuliza njia ya kwenda milimani. Wengi wao hupiga picha. Wachache huandika, na katika wachache hao wamo wanaotunga mashairi. Hivyo imezaliwa aina mpya ya utungo, ambayo yafaa iitwe shairi la likizo. Aina hii haistahili dharau, kwa kuwa ni mara ya kwanza kwa Mswahili kuitazama milima bila ya mzigo kichwani na bila ya bwana nyuma yake. Ni uhuru uliopatikana kwa shida. Suala ni namna uhuru huo unavyotumiwa.

Shairi la likizo la kawaida hulijua kila msomaji wa magazeti. Huanza kwa salamu, likafuata tamko la kwamba mtunzi ameona asiyoyatarajia. Ubeti wa tatu hupanda kilele. Ubeti wa nne hutazama chini, na huko chini kuna kijani, kuna ukungu, kuna maji yanayong'aa. Ubeti wa mwisho humshukuru Muumba. Vina hujileta vyenyewe, kwani milima huita neema, neema huita rehema, na rehema huita salama. Mizani hutimia bila ya kasoro. Mwalimu wa arudhi hatapata pa kutia kalamu nyekundu. Na hata hivyo, msomaji akilifunga gazeti, hawezi kusema mtunzi alikuwa wapi.

Kuna kipimo chepesi cha kulijaribu shairi la namna hiyo. Ling'olewe jina la mlima, likatiwe jina jingine lenye mizani sawasawa. Palipoandikwa Usambara paandikwe Uluguru. Palipoandikwa Bukoba paandikwe Lushoto. Ikiwa shairi halikudhurika, basi halikuwa na mahali. Lilikuwa na mandhari tu, na mandhari ni kitu kinachoweza kuhamishwa, kama pazia lililochorwa mlima nyuma ya kiti cha mpiga picha. Mtunzi amesafiri siku mbili kwa basi ili kuandika alichoweza kukiandika akiwa kwao barazani.

Bukoba na Muleba ni mahali pazuri pa kuufikiria ugonjwa huu, kwa sababu milima yake haimsaidii mvivu. Hapana kilele kimoja chenye theluji kinachoweza kumalizwa kwa ubeti mmoja. Kuna migongo mirefu ya miamba inayokwenda kaskazini na kusini, sambamba na ziwa, mmoja nyuma ya mwingine, na katikati yake mabonde yenye majani na majimaji, kama lile la mto Ngono. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mgeni wa Pwani akiwa ufukoni Kashai amekwisha kuwa juu kuliko minara yote aliyopata kuiona kwao. Mvua ya Bukoba hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mwenye likizo ya Aprili hutembea kwa idhini ya mawingu.

Anayetoka Kashai, kata ya watu wengi iliyo chini kabisa mjini, akashika njia ya kusini kuelekea Maruku na Kemondo, halafu Muhutwe, na kutoka Muhutwe akapanda uwanda wa juu wa Kamachumu hadi Muleba, hukutana na nchi ya sura mbili zinazopishana. Kwanza hupita ndani ya kibanja. Neno hili si kibanda wala kiwanja cha Pwani: ni shamba la ndizi na kahawa linaloizunguka nyumba, lenye kivuli kizito kiasi kwamba mtembezi haoni ziwa, haoni kilima, haoni hata nyumba ya jirani iliyo hatua hamsini mbele yake. Ghafla kibanja hukoma. Mtembezi hutokea kwenye rweya, uwanda wa nyasi ulio wazi, upepo ukampiga usoni, na ziwa lote likalala chini yake. Hapo ndipo kalamu hutolewa mfukoni, na hapo ndipo kosa huanza.

Mtunzi wa likizo hudhani ya kwamba kibanja ni kazi ya watu na rweya ni kazi ya Mungu. Kwamba chini kuna kilimo na juu kuna uzuri. Wahaya hawakuigawa nchi yao hivyo. Udongo wa rweya ni dhaifu, umeoshwa na mvua za karne nyingi. Udongo wa kibanja ni mweusi na mnono kwa sababu umetengenezwa. Nyasi zilizokatwa rweya zilibebwa zikatandazwa migombani. Ng'ombe waliolishwa rweya walirudi jioni na kuacha samadi nyumbani. Mwaka baada ya mwaka, kizazi baada ya kizazi, rutuba ilihamishwa kutoka kilimani ikapelekwa mlangoni. Wanawake walikwenda rweya kukata nyasi za kutandika ndani ya nyumba, na hukohuko walilima vijishamba vya njugu na viazi. Kwa hiyo ile rangi mbili anayoiona mtembezi, kijani kizito cha migomba na kijani cha manjano cha nyasi, ni hesabu ya mapato na matumizi iliyoandikwa ardhini. Mwenye kuisifu bila ya kuisoma ni kama mtu anayeusifu mwandiko wa barua asiyojua imeandikwa nini.

Hapa ndipo hoja ya uhakiki huu ilipo. Udhaifu wa shairi la likizo hautokani na furaha yake, wala na vina vyake, wala na ugeni wa mtunzi. Unatokana na mahali anaposimama. Amesimama kileleni, na kilele ndipo mahali pekee katika nchi nzima pasipo mtu wa kumwambia jina la kitu chochote.

Wenyeji wa nchi hii wana hadithi juu ya jambo hilo. Huko Katuruka, jirani na Maruku, husimuliwa habari za Mkama Rugomora Mahe wa Kyamutwara, aliyetaka kuyaona yaliyo mbinguni. Aliwakusanya wahunzi wakamjengea mnara wa chuma wa kumfikisha huko. Mnara haukusimama, ulianguka. Msikilizaji wa Pwani atakumbuka visa vingine vya minara iliyotaka kufika mbinguni, akafikiri kwamba hiki ni kisa cha kiburi na basi. Lakini mahali pale palikuwa na jina. Palikuwa na mti mkubwa wa matambiko ulioitwa Kaiija, na jina hilo lilifahamika kwa maana ya mahali pa kufulia chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefanya kazi Katuruka kuanzia miaka ya mwisho ya 1960, alilichukua jina lile kwa uzito kama wazee walivyolichukua. Alichimba, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science juu ya ustadi wa tanuri za watu hao, na jina la Buhaya likaingia katika historia ya sayansi.

Funzo la kisa hiki kwa mshairi ni kubwa kuliko funzo lake kwa mchimbaji. Mfalme aliyetaka kuona kutoka juu alipata mnara ulioanguka. Mgeni aliyeuliza jina la mti alioneshwa miaka 2,000. Majina ya mahali si mapambo ya kutimizia mizani. Ni kumbukumbu, na katika nchi isiyokuwa na maandishi ya kale huwa ndiyo maktaba yenyewe.

Jambo hili Wahaya waliliweka katika ushairi wao. Neno nanga, ambalo kwa mtu wa Unguja ni chuma cha kukishikilia chombo kisichukuliwe na maji, kwa Mhaya ni ala ya muziki: gogo lililochongwa mfano wa sinia refu, nyuzi zikapitishwa huku na huku juu ya uwazi wake. Ni ala hiyo iliyoupa jina utanzu wa tendi ndefu zinazoimbwa na mtaalamu mmoja mbele ya wasikilizaji. M. M. Mulokozi, mwana wa Kagera, alizichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Peter Seitel naye akauchunguza ubingwa wa fasihi simulizi ya Kihaya katika kitabu chake cha mwaka 1999. Katika tendi hizo shujaa hapiti milimani tu. Hupita mahali fulani, penye watu wa ukoo fulani, na msikilizaji anayekaa karibu na mahali hapo huinua kichwa. Maneno mawili yaliyofanana kwa bahati yanaweza kufanya kazi moja kwa makusudi: nanga ya bara nayo hushikilia. Huushikilia utungo usichukuliwe na upepo wa sifa.

Wala si Wahaya peke yao. Bashō, mshairi wa Japani, alitoka Edo mwaka 1689 akatembea kwa miguu katika milima ya kaskazini, na alipofika mahali alikumbuka kwanza mashairi ya kale yaliyotungwa juu ya mahali hapo, kisha akathubutu kuongeza lake. Alikuwa mtembezi hasa, mwenye hiari ya kwenda, lakini hakujifanya wa kwanza kufika. Heshima hiyo ndiyo iliyompa uhuru wa kuandika juu ya vitu vidogo.

Huenda msomaji wa Pwani akasema kwamba mambo ya Bashō na ya nanga ni ya watu wengine. Basi arejee kwao. Matembezi makubwa kuliko yote katika ushairi wa Kiswahili yamo ndani ya Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakukaa juu ya mnara akaitazama Pate. Aliingia majumbani. Alimpitisha msomaji ukumbi kwa ukumbi, akamwonesha mahali palipokuwa na taa na vyombo vya fahari, na mahali palipobaki ndege na popo, akawauliza wenyewe wamekwenda wapi. Utungo ule ungekufa lau angesema tu kwamba Pate ni mji mzuri uliochakaa. Uliishi kwa sababu mtunzi alitembea ndani ya nyumba akijua zilikuwa za nani. Na katika milima ya Kagera yapo maswali ya namna ileile yanayomsubiri mtembezi, iwapo atashuka kutoka kileleni.

Kwa desturi ya Wahaya, maiti huzikwa kibanjani, karibu na nyumba. Mtembezi anayekatiza migombani hupita makaburi, mengine ya saruji yenye majina na miaka, mengine yaliyozama katika majani makavu. Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Mwenye kusoma miaka juu ya makaburi ya miaka ya 1980 na 1990 hahitaji takwimu. Akiendelea akatokea juu ya Kemondo, ataliona ziwa tulivu ambalo meli ya MV Bukoba ililipita katika safari yake ya mwisho, ikatia bandarini hapo, ikazama karibu na Mwanza asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 na watu zaidi ya 800. Akirudi mjini ataona nyufa, au nyumba mpya palipokuwa na nyufa, za tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililoua watu 17. Na akisimama ufukoni, usoni pake pana maji yaleyale ambamo ndege ya abiria ilianguka tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19, na wavuvi wa hapo wakawa wa kwanza kufika kuokoa.

Yamkini atatokea mwenye kupinga. Atasema kwamba mtu amepata siku kumi za mapumziko kwa mwaka, naye ana haki ya kufurahi bila ya kuulizwa habari za marehemu. Na kwamba ushairi ukigeuzwa kuwa taarifa ya maafa utakuwa umefanya kosa lilelile kwa upande wa pili, kwani huzuni nayo inaweza kuhamishwa kutoka mlima hadi mlima kwa kubadili jina. Pingamizi hilo ni la haki, na sehemu yake ya pili ni ya kweli kabisa. Wapo watunzi ambao Kagera kwao ni neno la msiba tu, kama ilivyo neno la kijani kwa wengine. Wote wawili hawajamwuliza mwenyeji jambo lolote.

Jibu ni kwamba hata furaha ina mahali pake. Anayetembea huko mwezi wa Novemba au Disemba atakuta msimu wa senene, watoto na watu wazima wakiwakimbilia panzi hao kama watu wa Pwani wanavyoukimbilia msimu wa dagaa. Akibisha hodi kwenye nyumba, ataletewa kahawa, na hapo mtu wa Unguja atashangaa, kwani hataletewa kikombe. Ataletewa buni zilizochemshwa pamoja na majani ya kunukia, zikakaushwa, naye atazitafuna. Ataambiwa kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana buni mbili za tunda moja na damu yao. Kwa mtu aliyelelewa kwenye kahawa chungu na kashata barazani, jambo hili ni shairi tayari: mmea mmoja na kazi moja ya kuwaketisha watu pamoja, kinywani ladha mbili. Furaha hiyo haiwezi kuhamishiwa Lushoto. Imepita katika kipimo.

Linabaki suala la umbo, ambalo katika kurasa za ushairi haliachwi. Wakati Mulokozi na K. K. Kahigi walipotoa Malenga wa Bara mwaka 1976, na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, na kabla yao Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano ya vina na mizani yaliwagawa watu, na aghalabu mgawanyiko ulichorwa kwa mstari wa kijiografia: Pwani na vina, bara na utungo huru. Wapo waliodhani kwamba milima ina umbo lake na bahari ina lake. Dhana hiyo haina msingi. Mshororo wa mizani kumi na sita, wenye kituo katikati, una pumzi ya mtu anayetembea: hatua nane, akapumua, hatua nane nyingine. Waweza kupanda Kamachumu nao. Utungo huru nao waweza kupanda, ukivunja mstari pale pumzi inapokatika. Linaloziangusha aina zote mbili ni lilelile, nalo ni mtunzi aliyechagua maneno kabla ya kufika. Kwa mtunzi wa vina, hatari ni kwamba neno neema limekwisha kukaa mwisho wa mshororo likingoja. Kwa mtunzi huru, hatari ni kwamba ukimya wake wa maana huonekana mzito hata pale ambapo hakuna alichokiona.

Kuna deni pia ambalo halijasemwa vya kutosha. Mulokozi huyuhuyu aliyeishughulikia nanga ya Wahaya ndiye aliyehariri Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1999 na kuwapa wanafunzi wa Tanzania utenzi wa Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na utenzi wa Mwanakupona katika jalada moja. Mtu wa bara alitembea mpaka Pate na Siyu, akajifunza majina, akaeleza maneno magumu moja moja, akarudisha amana kwa wenyewe. Hakuitazama Pwani kama mandhari ya minazi. Mshairi wa visiwani anayekwenda Kagera kwa likizo hatakiwi kuandika tasnifu. Lakini ikiwa katika siku kumi hakujifunza jina la kilima kimoja, la ukoo mmoja, wala la nyasi moja, hajalipa hata sehemu ndogo ya deni hilo, na hajajipatia haki ya kuandika beti tano.

Wala kulipa si kazi nzito. Mtembezi akiwa njiani kutoka Kashai, mguu ukamchoka chini ya mgomba, na mzee akatoka ndani kumtazama, kuna maswali mawili anayoweza kumwuliza. Swali la kwanza ni juu ya njia: kilele kiko wapi na ni mwendo wa saa ngapi. Hilo huulizwa na kila mtu, na jibu lake huoneshwa kwa kidole. Swali la pili ni juu ya mahali alipoketi: panaitwaje, na kwa nini. Jibu lake huanza kwa mzee kuketi pia, na pengine kwa mtoto kutumwa ndani kuleta kahawa. Kilele kitakuwapo hata kesho. Mzee hana ahadi hiyo.